Achari, jamu na tomato sosi: je, friji ni lazima?

Karibu kila chupa ya sosi inayouzwa madukani kwetu ina agizo moja dogo karibu na tarehe ya mwisho wa matumizi: ikishafunguliwa, iwekwe kwenye friji. Mara nyingi limeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo mtu wa makamo hazioni bila miwani. Chupa hiyo imekaa dukani miezi kadhaa juu ya shelfu, pengine ikipigwa na jua la mchana. Nyumbani inakokwenda huenda hakuna friji, au ipo lakini umeme wa LUKU umekwisha.

Basi kila nyumba huamua kwa mazoea yake. Wapo wanaoacha kila kitu mezani, kuanzia achari mpaka tui la pakiti, kwa hoja kwamba bibi zetu hawakuwa na friji na waliishi. Wapo pia wanaotupa chupa nzima ya tomato sosi kwa sababu umeme ulikatika usiku mmoja. Wa kwanza wanakaribisha maradhi, wa pili wanatupa hela zao. Kosa lao ni moja: wanauliza kuhusu friji kabla ya kuuliza ni kitu gani ndani ya chupa kinachozuia chakula kisiharibike.

Friji ni mlinzi mmoja tu, na kwa vyakula vingi vya chupa ni mlinzi wa akiba. Walinzi wa zamu wamo ndani ya chakula chenyewe: uchachu, chumvi, sukari na ukavu. Palipo na hao, chupa inaweza kukaa mezani. Akipunguzwa mmoja wao, iwe kiwandani, kibandani au jikoni kwetu, friji inageuka kuwa lazima, na huenda hakuna atakayekwambia.

Kufungua kunabadilisha nini

Mwaka 1810 Mfaransa Nicolas Appert, aliyekuwa mtengenezaji wa vitu vitamu, alichapisha kitabu cha njia yake ya kuhifadhi vyakula katika chupa zilizozibwa vizuri na kuchemshwa. Serikali ya Ufaransa ilimtunuku faranga 12,000. Alijua kwamba njia yake inafanya kazi, ila hakujua kwa nini. Jibu lilipatikana nusu karne baadaye kwa Louis Pasteur, aliyeonyesha kwamba vyakula huharibiwa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, kwamba moto huviua, na kwamba kizibo huvizuia vingine visiingie.

Vyakula vya kopo vimesimama juu ya nguzo hizo mbili mpaka leo. Ukitia kopo kifunguo, zote mbili zimeanguka. Ndiyo maana tarehe iliyopigwa chini ya kopo inahusu kopo lililofungwa tu; likishafunguliwa, haisemi kitu tena.

Kuanzia hapo vyakula vinagawanyika. Kundi la kwanza ni vile ambavyo kinga yake yote ilikuwa ni kufungwa: maharage ya kopo, jodari, nyama, tui la nazi, maziwa ya kopo yasiyo na sukari. Havina uchachu wa kutosha, vina maji tele na lishe nzuri, kwa binadamu na kwa bakteria vilevile. Vikifunguliwa vinakuwa sawa na chakula kilichopikwa nyumbani, na vinafuata sheria ambayo Shirika la Afya Duniani limekuwa likiihubiri miaka mingi: visikae katika joto la kawaida zaidi ya saa 2, na vikihifadhiwa viwe chini ya nyuzi joto 5. Kwa kundi hili hakuna mjadala. Asiye na friji afungue kopo analoweza kulimaliza kwa mlo mmoja.

Kundi la pili ni la vyakula vyenye kinga ndani yake: achari, jamu, asali, haradali, sosi ya soya, tomato sosi. Huku ndiko kwenye maswali.

Vipimo viwili vinavyoamua

Cha kwanza ni uchachu, ambao wataalamu huupima kwa pH. Maji safi yana 7, na namba inavyoshuka ndivyo kitu kinavyozidi kuwa kichachu. Ndimu iko karibu na 2, jamu nyingi ziko karibu na 3, tomato sosi ya kiwandani huwa chini kidogo ya 4, tui la nazi liko karibu na 6. Mstari unaoheshimiwa duniani kote ni 4.6. Chini yake bakteria wa *Clostridium botulinum*, anayetoa sumu kali kuliko karibu sumu zote zijulikanazo, hawezi kukua. Nyanya mbichi yenyewe huchezea mstarini, kati ya 4.3 na 4.9 kutegemea aina na kuiva kwake. Kwa hiyo anayesindika nyanya nyumbani hushauriwa atie maji ya ndimu au siki, hata kama ladha haijamdai.

Kipimo cha pili ni maji yaliyo huru. Kiumbe kidogo hakiwezi kuyatumia maji yote yaliyomo katika chakula, kwa kuwa yaliyoshikwa na sukari au chumvi hayakifai. Hali hii hupimwa kuanzia 0 hadi 1. Nyama mbichi na matunda viko juu ya 0.95. Asali iko karibu na 0.6. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani hutumia 0.85 kama mpaka: chini ya hapo, bakteria wa magonjwa hawakui. Anayekaribia zaidi mpaka huo ni *Staphylococcus aureus*, bakteria wa puani, wa vidonda na wa mikono yetu, anayeweza kujikongoja mpaka karibu 0.86. Ukungu na hamira za porini hustahimili ukavu kuliko hapo, na ndiyo sababu jamu huota ukungu ingawa haimlazi mtu kwa kuhara.

Juu ya vipimo hivi viwili viwanda huongeza vihifadhi. Vya kawaida ni sodiamu benzoeti na potasiamu sorbeti, ambavyo kwenye lebo huenda vikaandikwa E211 na E202. Vyote viwili hufanya kazi vizuri penye uchachu na hudhoofika uchachu unapopungua. Jambo hili tutalikuta tena kwenye kibanda cha chipsi.

Tomato sosi ilitangulia friji

Mwanzoni mwa karne ya 20, viwanda vingi vya Marekani vilitengeneza tomato sosi kwa mabaki ya nyanya na kuitia benzoeti nyingi ili isichachuke. Mwanakemia wa serikali, Harvey Wiley, alipinga vihifadhi hivyo, na mwaka 1906 ikapitishwa sheria ya usafi wa vyakula na dawa. Henry Heinz alichagua njia nyingine: alitumia nyanya zilizoiva vizuri, akaongeza siki na sukari kuliko ilivyozoeleka, na kuiondoa benzoeti. Sosi yake ikakaa bila kuharibika hata baada ya kufunguliwa. Wakati huo friji ya umeme haikuwamo katika nyumba za watu. Ilianza kuenea Marekani miongo miwili baadaye. Sosi hiyo, basi, ilibuniwa kwa ajili ya meza.

Leo Wizara ya Kilimo ya Marekani inasemaje? Mwongozo wake wa uhifadhi unatoa kama mwezi mmoja kwa tomato sosi iliyofunguliwa na kuwekwa kabatini, na miezi sita kwenye friji. Wizara hiyohiyo ina orodha ya vitu vya kutupa na vya kubakiza pale umeme unapokatika kwa muda mrefu. Vinavyobakizwa ni pamoja na jamu, haradali, tomato sosi, achari, zeituni, sosi ya soya na siagi ya karanga. Vinavyotupwa ni pamoja na mayonizi iliyofunguliwa ikishakaa kwenye joto kwa saa zaidi ya nane, na vilevile sosi nzito za aina ya krimu na sosi ya tambi iliyofunguliwa. Kwa hiyo agizo la friji kwenye chupa ya tomato linalinda rangi na ladha. Ukiiacha nje, itakuwa ya kahawia na mdomoni itapoa, ila haitakulaza hospitali.

Lakini mwezi mmoja wa jikoni Chicago si mwezi mmoja wa Tandale au Kisauni, kwenye joto la pwani. Kwa kadirio la jumla, mabadiliko ya kikemia huongezeka kasi maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10. Kabati la nyuzi 22 na kabati la nyuzi 32 hayawezi kupewa siku sawa. Mtu wa pwani achukue nusu ya muda ulioandikwa, na atakuwa upande salama.

Chupa ya kibandani

Nenda kibanda chochote cha chipsi jioni. Mezani kuna chupa mbili za plastiki zilizotobolewa kifuniko, moja nyekundu na moja ya pilipili. Hizo si chupa za sosi tena; ni vyombo. Muuzaji hununua galoni, humimina kiasi, kisha huongeza maji ili sosi itoke kwa urahisi na idumu mpaka mwisho wa juma. Asubuhi hujazia juu ya mabaki ya jana. Mdomo wa chupa una utando uliokauka na kugusana na sahani za wateja wengi.

Maji yale yamefanya mambo matatu kwa pamoja. Yamepandisha pH kwa kuizimua siki. Yameongeza maji huru kwa kuizimua sukari na chumvi. Yamepunguza kihifadhi, na hicho kidogo kilichobaki kimedhoofishwa na kushuka kwa uchachu. Sosi iliyotoka kiwandani ikiwa na walinzi wanne sasa ina mmoja na nusu. Dalili zake zinajulikana: chupa inatoa povu, ukibonyeza inatoa hewa, na harufu ni ya kileo. Hapo hamira za porini zimeanza kuchachusha. Hiyo ni sosi ya kuachwa, na dawa yake kwa muuzaji haiko kwenye friji asiyoweza kuinunua. Azimue ya siku moja tu, tena kwa siki badala ya maji, aoshe chupa usiku na asiongezee juu ya mabaki.

Duka la mtaani lina kisa kinachofanana: nyanya ya kopo au majarini ya kupimiwa kwa kijiko. Majarini yana mafuta mengi na chumvi, kwa hiyo hustahimili. Nyanya ya kopo ni chachu kiasi lakini haina sukari wala chumvi ya kutosha, na ikikaa wazi kwenye joto, ukungu hutokea ndani ya siku mbili au tatu. Vikopo na vipakiti vya gramu 70 ni ghali ukipiga hesabu ya gramu kwa gramu, lakini kwa nyumba isiyo na friji ni rahisi kuliko kopo kubwa ambalo nusu yake itatupwa. Na anayebakiza nyanya asiiache ndani ya kopo: hewa na uchachu hula bati, na chakula hupata ladha ya chuma.

Mayonizi, iliyoonewa na iliyosingiziwa

Hakuna chupa inayoogopwa kama ya mayonizi, na nusu ya woga huo ni wa haki. Mayonizi ya kiwandani hutengenezwa kwa mayai yaliyopitishwa kwenye joto la kuua vijidudu, pamoja na siki inayoshusha pH hadi kati ya 3.6 na 4. Salmonella akiingia humo hufa. Tena uchachu humuua haraka zaidi kwenye joto kuliko kwenye baridi, jambo linalowashangaza wengi. Chupa iliyosahauliwa mezani usiku kucha, kwa hiyo, si bomu. Kinachoharibika kwanza ni mafuta: hujitenga na kuanza kunuka. Mamlaka husema itupwe, pengine kwa kuwa haziwezi kujua nani ameingiza kijiko chenye nini.

Woga wa haki ni wa mayonizi ya nyumbani, ya mayai mabichi na ndimu ya kukadiria, na wa kachumbari za mayonizi. Ukichanganya mayonizi na kabichi, viazi, mayai ya kuchemsha au kuku, uchachu umezimuliwa na kila kipande. Kilichobaki ni saladi ya kundi la kwanza, ya saa 2. Harusi nyingi hulaumu mayonizi kwa kosa la kuku aliyekaa juani.

Tamu za chupani

Asali ni mfalme wa kundi hili. Viwango vya kimataifa huitaka iwe na maji yasiyozidi asilimia 20, na kwa hali hiyo haihitaji friji kamwe. Baridi huigandisha tu. Adui yake ni unyevu: kifuniko kikiachwa wazi kwenye hewa ya pwani, hunyonya maji na kuanza kuchachuka. Onyo moja halihusiani na kuhifadhi: mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali, kwa kuwa mbegu za botulinum zilizolala ndani yake zinaweza kuamka tumboni mwake.

Jamu ya kawaida ina asilimia 60 au zaidi ya vitu vilivyoyeyuka, vingi vyake vikiwa sukari, na hukaa nje wiki kadhaa. Lakini jamu ya sukari kidogo, inayotangazwa kwa ajili ya afya, imemwondoa mlinzi mkuu. Hiyo inaitaka friji kwelikweli, na agizo lililo kwenye chupa yake si la ladha tu. Vivyo hivyo achari za chumvi kidogo na sosi zinazojisifu kwamba hazina kihifadhi. Kila sifa ya namna hiyo ilipie kwa baridi.

Jamu ikiota ukungu, wengi hukwangua juu na kuendelea. Afrika Mashariki tuna sababu ya kutouchezea ukungu: mwaka 2004 sumukuvu ya mahindi iliua watu 125 nchini Kenya kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa. Ukungu wa jamu si lazima uwe wa jamii ile, lakini katika chakula laini nyuzi zake hushuka chini ya kile unachokiona, na nyingine hula uchachu uliokuwa ukilinda chakula kizima. Chupa hiyo itupwe.

Achari mbili zisizofanana

Fundi wa achari ya embe anaijua kanuni yote bila kuitaja. Hukata embe mbichi, huzitia chumvi na manjano, na kuzianika siku mbili tatu mpaka zisinyae. Ndipo huja pilipili, haradali, uwatu, siki na mafuta ya kufunika. Jua limetoa maji, chumvi imeyashika yaliyobaki, embe mbichi imeleta uchachu, siki imeukaza, na mafuta yamezuia hewa inayohitajiwa na ukungu. Achari kama hiyo hukaa miezi bila friji.

Sasa chukua chupa nyingine inayofanana nayo kwa macho: kitunguu saumu na pilipili mbichi vilivyosagwa na kuzamishwa kwenye mafuta, bila siki. Kitunguu saumu kina pH karibu na 6 na maji ya kutosha, na huja na mbegu za botulinum kutoka udongoni. Mafuta hayaui kitu. Yanaondoa hewa tu, na bakteria huyu ndiye anayestawi pasipo hewa. Mwaka 1985 zaidi ya watu 30 waliugua baada ya kula katika mgahawa mmoja mjini Vancouver, Kanada. Chanzo kilikuwa kitunguu saumu cha kusaga kilichokaa kwenye mafuta nje ya friji. Mwaka 1989 kisa kingine kilitokea jimbo la New York, na Marekani ikaagiza bidhaa hizo zitiwe asidi. Mwaka 2023 dagaa wakubwa wa chupani waliotengenezwa na mgahawa wenyewe huko Bordeaux, Ufaransa, waliua mtu mmoja na kulaza zaidi ya kumi. Sumu ya botulinum, iliyosababisha visa hivi vyote, haina rangi, harufu wala ladha ya kukushtua. Hapa pua ya bibi haisaidii.

Anayetengeneza pilipili ya mafuta nyumbani ana njia tatu: aloweke kitunguu na pilipili kwenye siki kwanza, atengeneze ya kumaliza siku hiyohiyo, au akaushe viungo kabisa kabla ya kuvitia mafutani. Mafuta ya pilipili ya Rwanda yaitwayo Akabanga huuzwa katika kichupa cha matone, na umbo hilo lina faida yake: hakuna kijiko kinachoingia.

Kijiko, kwa kweli, ndicho kinachoharibu chupa nyingi. Kikitoka mdomoni kinapeleka mate, kikitoka kwenye wali kinapeleka wanga, kikiwa na maji kinayeyusha sukari ya juu na kutengeneza kidimbwi kidogo ambamo kinga haipo. Kijiko kikavu na safi kinaongeza maisha ya achari kuliko friji inayozimika kila jioni.

Lebo itwambie

Kwa msomaji, hukumu ni fupi. Ikiwa chakula kinalindwa na siki, sukari nyingi au chumvi nyingi, na hakuna aliyekizimua, kinaweza kukaa kabatini kwa wiki kadhaa. Ikiwa ni kitu laini kisicho kichachu wala chenye chumvi au sukari nyingi, kihesabu kama mboga iliyopikwa. Ikiwa ni mboga mbichi ndani ya mafuta bila asidi, usikiache nje hata kidogo.

Lakini si haki mzigo huu wote ubaki kwa mnunuzi. Maneno yaleyale, "weka kwenye friji", leo yanabandikwa kwenye chupa ambayo yanalinda rangi yake na kwenye chupa ambayo yanalinda uhai wa mlaji, na mtu aliyeona la kwanza halimdhuru hujifunza kulipuuza la pili. Shirika la Viwango Tanzania, lililokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, na mwenzake wa Kenya wanaweza kudai mambo mawili yasiyo na gharama kubwa: agizo liandikwe kwa Kiswahili, na liambatane na idadi ya siku kwa asiye na friji, iliyopimwa kwenye joto la nyuzi 32 badala ya joto la Ulaya. Chupa isiyoweza kukaa hata siku moja iseme hivyo kwa herufi kubwa. Kiwanda kinachouza kwa nyumba zisizo na friji kinawajua wateja wake vizuri sana kinapopanga bei na ukubwa wa pakiti. Kiwajue pia kinapoandika lebo.